SOMO LA JUMA: TUSIHUKUMU KWA MACHO

Maandiko: Yoshua 9:3-20; Kumbukumbu la Torati 19:15-19; Mithali 18:17



Kuku akipotea au fedha za kikundi zikipungua, mara nyingi tunamwita kijana na kumkazia macho. Akiinama au akitetemeka, tunasema, "Anadanganya." Je, hiyo ni haki?

1. Macho si shahidi. Mwaka 2006 watafiti waliwauliza watu wa nchi 58 jinsi ya kumtambua mwongo. Jibu lililotolewa zaidi lilikuwa: hakutazami machoni. Lakini uchunguzi mwingine wa mwaka huo, uliojumlisha tafiti nyingi, ulionyesha kwamba anayehukumu kwa kumtazama na kumsikiliza mtu tu hupatia mara 54 katika 100. Kurusha sarafu kungempa 50. Tena kwetu mtoto mwenye adabu huinamisha macho mbele ya wakubwa.

2. Kuchanganya si kudanganya. Mwaka 2002, Uingereza, wakimbizi wa Kosovo na Bosnia waliulizwa mara mbili juu ya mambo yaliyowapata. Walikwisha kupewa kibali cha kukaa, hawakuwa na sababu ya kusema uongo. Hata hivyo maelezo yao yalitofautiana, hasa katika mambo madogo. Basi mama akikosea tarehe ya usiku aliokimbia, tusimwite mwongo.

3. Mwongo hujiandaa. Wagibeoni walivaa viatu vyenye viraka na kubeba mkate mkavu. Watu wa Israeli waliamini walichokiona, wasimwulize Bwana. Baada ya siku tatu wakagundua kwamba watu hao ni majirani.

4. Tufanyeje? Sheria ya Musa inadai mashahidi wawili au watatu, na waamuzi wachunguze kwa bidii. Mithali inatuonya kwamba anayesema kwanza huonekana ana haki mpaka mwenzake aje. Kwa hiyo tusikilize pande zote mbili, kila mmoja peke yake. Tuulize yanayoweza kuthibitishwa: alikuwa wapi, na nani, saa ngapi? Ushahidi ukikosekana, tusimpige wala tusimtenge. Tumwachie Mungu ajuaye mioyo.

Maswali ya kujadili nyumbani:
(a) Ni nani tuliyemhukumu kwa uso wake tu?
(b) Tutamrudishiaje heshima yake?

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Amina.