SOMO: TELEVISHENI YA CHAMA BILA ADA YA KILA MWEZI

Vyama vingi vimeweka televisheni ukumbini ili wanachama wapate habari. Je, yafaa fedha zao zilipie ada kila mwezi?

Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analojia mwaka 2015, matangazo hurushwa kwa dijitali. Hata hivyo, stesheni za bure zingali hewani. Yahitajika antena ya UHF na king'amuzi kisicho na ada, cha aina ya DVB-T2. Baadhi ya televisheni mpya zina chombo hicho ndani yake.

Kabla ya kununua, Katibu azingatie haya:

1. Aulize majirani mnara uko upande gani, nao hupata stesheni zipi.
2. Antena ifungwe juu ya paa na kuelekezwa mnarani. Kilima kikikinga, picha hukatikakatika.

Antena hununuliwa mara moja. Ada isipolipwa, stesheni za kulipia hufungwa. Lakini mechi nyingi za ng'ambo hazionyeshwi bure. Wanachama waelezwe yote mawili kabla ya kupiga kura.

Swali la kujadili: Mwaka uliopita chama chetu kililipa ada kiasi gani, na fedha hizo zingefanya kazi gani nyingine?