Kufungiwa Akaunti ni Hukumu: Haki ya Dereva Kusikilizwa

 

Ndugu zangu katika imani, wengi wetu hapa Kampala tunaita gari au boda kwa simu. Uber iliingia mji huu mwaka 2016, na leo zipo Bolt na SafeBoda pia. Tukishuka, simu inatuuliza tumpe dereva nyota ngapi, na hapo hapo pana mahali pa kumshtaki. Kwetu ni kazi ya sekunde chache. Kwa dereva, shtaka hilo laweza kumfanya aamke asubuhi akute akaunti yake imefungwa, asijue nani kamshtaki wala kwa lipi. Gari lenyewe huenda ni la mkopo, au mwenye gari anangoja hesabu yake jioni.

Swali ninaloleta kwenye darsa hii ni moja: kampuni inapomfungia dereva, je, inavunja mkataba tu, au inatoa hukumu?

Kampuni hupenda jibu la kwanza. Husema dereva si mwajiriwa, ni mshirika huru, na kila upande waweza kuachana na mwenzake. Kweli, fiqhi inaijua mikataba ya namna hiyo. Uwakala ni mmojawapo. Lakini tazama sababu anazoandikiwa dereva: umefanya udanganyifu, umemtusi abiria, uso wako haulingani na picha. Hizo ni tuhuma. Mwenye kupokea tuhuma, akaamua kuwa ni za kweli, kisha akamkatia mtu riziki kwa ajili yake, amekalia kiti cha kadhi, hata kama aliyekikalia ni kompyuta. Na kiti hicho kina adabu zake.

Adabu ya kwanza tunaijua kutokana na habari ya Ali (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipomtuma Yemen kuhukumu, naye bado kijana, alimwelekeza kwamba wagombani wawili wakikaa mbele yake asimhukumie wa kwanza mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Abu Dawud na Tirmidhi wameipokea. Katika Surat Sad, Nabii Daud (a.s.) aliletewa kesi ya mwenye kondoo 99 na mwenye kondoo mmoja, na baadhi ya wafasiri wanaona alichoomba msamaha ni kule kuhukumu kabla ya kumsikia mshtakiwa. Alikuwa Nabii, na shtaka lilionekana wazi kabisa! Ongeza aya ya 6 ya Surat al-Hujurat, inayotuamrisha kuichunguza habari tusije tukawadhuru watu bila kujua.

Mahakama za wenzetu zimefika karibu na hapo kwa njia yao. Makao ya Uber kwa Ulaya yako Amsterdam, ndiyo maana madereva kutoka Uingereza na Ureno walikwenda kushtaki huko. Walikuwa wamefungiwa kwa tuhuma za udanganyifu. Kampuni ilisema kuna watu waliopitia maamuzi yale. Aprili 2023 mahakama ya rufaa iliona kwamba mkono wa binadamu katika jambo lile ulikuwa wa jina tu, na kwamba madereva wana haki ya kuelezwa uamuzi ulifikiwaje. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha mwongozo kwamba uamuzi wa kufunga akaunti ya mfanyakazi wa namna hii lazima ufanywe na binadamu; nchi wanachama zimepewa hadi Desemba 2026 kuuingiza katika sheria zao.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Seattle, Marekani, mji ambao madereva wake wengi ni wahamiaji kutoka Somalia na Ethiopia. Tangu Julai 2021 dereva wa huko alipata haki ya kupewa taarifa na sababu kabla ya kufungiwa, isipokuwa kwa makosa mazito, na haki ya kupeleka shauri lake mbele ya msuluhishi asiye upande wowote. Mwaka 2022 jimbo zima la Washington likatunga sheria yake inayompa dereva njia ya kukata rufaa.

Dada zetu watauliza, na wana haki: abiria akidhuriwa usiku, dereva aachwe aendelee kubeba watu mpaka kesi iishe? Hapana. Bahz bin Hakim amepokea kwa baba yake kutoka kwa babu yake kwamba Mtume (s.a.w.) alimzuia mtu kwa tuhuma, kisha akamwachia. Wanachuoni wamejenga juu yake kuwa kuzuia kwa uchunguzi kunajuzu, na si adhabu. Ibn al-Qayyim akawagawa watuhumiwa: anayejulikana kwa wema, anayejulikana kwa uovu, na asiyejulikana hali yake, hawatendewi sawa. Basi dereva aliyebeba maelfu ya abiria bila lawama hawi sawa na mwenye rekodi mbaya. Kumsimamisha kwa siku za uchunguzi ni jambo moja. Kumfunga milele kwa ujumbe mmoja usiojibika ni jambo jingine.

Nasi abiria tusijitoe. Shtaka ni ushahidi, na ushahidi ni kwa ulichokiona. Dereva aliyechelewa kwa foleni ya Jinja Road hakukutusi. Nauli ikipanda kwa mvua, aliyeipanga si yeye. Ukishtaki, andika lililotokea, saa na mahali, na uwe tayari kuulizwa.

Kimebaki kifungu ambacho natamani wanasheria wetu wakijadili: dereva akionekana hana kosa, siku alizofungiwa nani atazilipa? Fundi wa watu wote, kama mshonaji, hulipwa kwa kazi aliyoimaliza. Mwajiriwa mahsusi hustahiki ujira kwa kujitoa na kuwa tayari, hata asipopewa kazi. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema dereva wa Uber yuko kazini tangu anapowasha programu katika eneo lake akiwa tayari kupokea abiria. Hiyo inamsogeza kwenye fungu la pili, nami naelekea kuona kwamba siku zile ni deni. Atakayepinga alete dalili yake darasani baada ya swala ya Ijumaa.