Darasa linaloandika pamoja: somo kutoka Ziwa Nyasa

Walimu wengi hufungua kundi la WhatsApp, hutuma notsi, kisha hudhani wamefundisha kwa mtandao. Huo bado ni ubao wa matangazo. Mtandao hufundisha pale mwanafunzi anapoandika, mwenzake akamhoji, naye akajibu.

Tuchukue somo la jiografia hapa Kyela. Sisi husema Ziwa Nyasa. Ng'ambo ya Mto Songwe husema Ziwa Malawi. Malawi hutegemea mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890 kudai kwamba mpaka ni ufukwe wetu; Tanzania husema mpaka upo katikati ya maji.

Hatua za somo:

1. Wanafunzi wawiliwawili waandike hoja za pande zote mbili kwa haki.
2. Kila hoja itajiwe ilikotoka.
3. Wenzao wasahihishe na kutoa sababu.
4. Walinganishe kazi yao na Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003. Kila ukurasa wake una historia inayoonyesha kilichobadilishwa na lini.

Kama simu ni moja tu, ya mwalimu, hatua tatu za kwanza zifanyike kwa karatasi zinazozungushwa darasani.

Kijana aliyezoea kupokea na kusambaza bila kuuliza, kesho atasambaza uvumi juu ya jirani. Na jirani huyo ni Mngonde, ambaye lugha yake na Kinyakyusa ni ndugu.

Swali la kutafakari: ujumbe wa mwisho uliousambaza, uliuuliza ulikotoka?