Karo Tumechanga, Je, Na Saa?



Wengi wetu tuna kijana anayesoma chuo huku akilala nyumbani. Karo tumeitafuta kwa shida: huyu ameuza mbuzi, yule amekopa kwa kikundi, mwingine ameitisha harambee. Halafu muhula ukiisha tunasikia ameanguka masomo mawili na lazima arudie mtihani. Kurudia ni pesa tena. Watu husema, "Huyo ni mvivu tu." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi kijana hakukosa akili wala bidii. Alikosa saa. Basi leo tujifunze namna ya kuzitunza saa hizo, mwanafunzi pamoja na watu wa nyumbani kwake.

1. Tufanye hesabu

Kikundi kina kitabu cha pesa: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Saa nazo ziandikwe hivyo hivyo. Wiki ina saa 168, kwa tajiri na kwa maskini. Tuchukue mfano:

Kulala – 56
Darasani – 30
Njiani kwenda na kurudi – 10
Kula, kuoga, kufua – 14
Kazi za nyumbani – 21
Kanisa, mikutano, marafiki – 12
Jumla – 143
Zilizobaki – 25

Sasa, hizo 25 zimekwenda wapi? Mwanafunzi aandike kila jioni kwa wiki moja, bila kujidanganya. Ataona nyingine zimeliwa na simu, nyingine na hadithi za sokoni, nyingine na kutumwa: "Kimbia dukani", "Angalia ng'ombe", "Shika mtoto." Kila jambo ni dogo, lakini yote pamoja yanakula jioni nzima.

2. Kidogo kidogo, kila siku

Wanafunzi wengi hungoja wiki ya mtihani, ndipo wanakesha. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu kuhusu majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Aliona kwamba mambo tuliyokariri husahaulika haraka sana mwanzoni, hata ndani ya siku moja, na kwamba kuyarudia kwa siku kadhaa kunashika zaidi kuliko kuyarudia mara nyingi kwa kikao kimoja. Ni kama miche. Ukiimwagia debe zima leo, halafu uiache wiki mbili, itakauka tu. Basi somo la leo lisomwe tena leo jioni, na tena kabla wiki haijaisha.

3. Saa isiyoguswa

Wazazi na kijana wakae, wakubaliane. Kwa mfano, saa moja hadi saa tatu usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Hizo ni saa 10 kwa wiki. Wakati huo asitumwe, taa iwe yake, na simu akae nayo mama. Kazi zigawanywe kwa wavulana na wasichana. Msichana akitoka chuoni akute maji, kuni na sufuria vyote vinamngoja, na kaka yake amekaa tu, hapo hatujamsomesha. Tumemlipia karo tu.

Mwanafunzi naye ana deni. Akipewa saa hizo, asiende kuzimaliza sokoni.

4. Mtihani na palizi

Muhula ukianza, kijana alete tarehe za mitihani zibandikwe ukutani. Penye mvua ndefu, palizi ya Aprili inaweza kugongana na mtihani, na shamba halingoji. Hapa kikundi kinaweza kusaidia: wanachama wapalilie shamba hilo kwa zamu, na kijana alipe kazi hiyo wakati wa likizo. Ni mzunguko kama ule wa pesa, ila hapa tunachanga siku.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika boma zetu, nani hutumwa zaidi jioni? Kwa nini?
2. Ni saa gani tunaweza kumwachia mwanafunzi wetu bila kuharibu kazi ya nyumbani?
3. Ni wanafunzi wangapi katika kikundi chetu wana mtihani muhula huu, na tarehe ngapi?

Andikeni majibu katika kitabu cha kikundi, na mwisho wa muhula myasome tena pamoja na vijana wenyewe.