Chanjo na Daftari

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Chanjo ya mtoto nayo ni mali, maana ni akiba ya afya yake.

Mama mmoja akaaye Mbezi Luis, katika jiji la Dar es Salaam, alimpeleka mwanawe wa miaka miwili zahanati. Kadi ya mtoto ilikuwa imeloa mvua, wino wote umefutika. Mwuguzi akamwuliza, "Mama, mtoto amekwisha kuchanjwa surua mara mbili?" Akajibu, "Amechomwa sindano nyingi, dada. Nadhani na hizo zimo."

Je, jibu hilo latosha? Ziko njia nne za kujua.

Ya kwanza ni kumbukumbu ya mama. Mama hasemi uongo, ila chanjo hufanana. Mtoto wa majuma sita hutiwa kinywani matone ya polio, na dawa ya kuzuia kuhara hutiwa kinywani vilevile; tena siku hiyo hiyo huchomwa sindano mapajani. Baada ya miaka miwili, ni nani atakayekumbuka ipi ni ipi?

Ya pili ni kovu. Zamani chanjo ya ndui iliacha kovu mkononi, na wakaguzi walilitazama ili kumjua aliyechanjwa, hata mwaka 1980 ilipotangazwa kwamba ndui imekoma duniani. Leo chanjo ya kifua kikuu huacha kovu, lakini si kwa kila mtoto; wala kovu halisemi tarehe. Chanjo ya surua haina alama ya namna hiyo.

Ya tatu ni kadi. Tarehe huandikwa saa ile ile ya kuchanja, kwa hiyo kadi hushinda kumbukumbu. Lakini huweza kupotea, au mwandishi akasahau kuijaza.

Ya nne ni daftari la zahanati. Kadi ikipotea, daftari hubaki. Ila mtoto aliyechanjwa mahali pengine hamo ndani yake.

Basi mwuguzi akafungua daftari. Chanjo ya surua ya miezi 9 ilikuwamo. Ya miezi 18 haikuwamo. Akamchanja mara moja, maana kuirudia chanjo hiyo hakumdhuru mtoto, bali kuikosa huweza kumwua. Kisha akaandika kadi mpya, akanakili tarehe zote. Mama akaitia katika mfuko wa nailoni, akaifunga vema.

Maswali
1. Kwa nini kovu peke yake si ushahidi wa kutosha?
2. Kadi na daftari husaidianaje?
3. Eleza maana ya mithali iliyo mwanzoni.