KUINUA PAA ILI KUPATA CHUMBA: MAMBO YA KUZINGATIWA MJI MKONGWE

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na juu zikasakafiwa bapa. Kwa kuwa sakafu ya chokaa huvuja isipotunzwa, wenye nyumba wengi waliifunika kwa paa la mabati. Nafasi iliyobaki baina ya sakafu na bati hutamaniwa kuwa chumba pindi familia inapoongezeka.

Aghalabu nafasi hiyo haitoshi. Paa la mgongo lenye upana wa mita 6 na mwinamo wa digrii 30 huwa na kimo cha takriban mita 1.7 katikati, na pembeni hushuka zaidi. Ndipo linapokuja shauri la kuinua paa na kumwaga zege chini yake.

Ieleweke kwamba zege la unene wa sentimita 10 lina uzito wa karibu kilo 240 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 huongeza takriban tani 2.9, kabla ya kuta, vyombo na watu. Mzigo huo hubebwa na boriti za zamani na kuta ambazo huenda hazikukusudiwa ghorofa nyingine.

Kwa hivyo, yafaa kuzingatia yafuatayo:

Kwanza, ncha za boriti zikaguliwe mahali zinapoingia ukutani, kwani ndiko zinakooza kwa unyevu na kuliwa na mchwa.

Pili, itumike fremu ya mbao na sakafu ya mbao badala ya zege.

Tatu, ukuta wa chokaa upigwe lipu ya chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani.

Nne, maji ya paa jipya yaelekezwe kwenye mlizamu, wala yasimwagikie ukuta wa jirani.

Kabla ya kazi kuanza, kibali kiombwe kutoka Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kimo cha mapaa ni sehemu ya sura yake. Zaidi ya hayo, nyumba nyingi hukaliwa na familia kadhaa: anayenufaika na chumba cha juu ni mmoja, lakini ukuta ukishindwa, wanaoangukiwa ni wote walio chini.