Jumanne: Nani Anazungumza na Mtoto Wako?

Soma Kumbukumbu la Torati 6:6-9. Musa anataja nyakati gani nne za kuwafundisha watoto?

Tuketipo nyumbani, tutembeapo njiani, tulalapo na tuamkapo. Leo mtoto mwenye simu anaweza kuwa kwenye mchezo nyakati zote nne. Michezo mingi imetengenezwa isiishe: akivuka hatua moja, nyingine inafunguka, asipoingia kesho, anakosa zawadi ya siku. Ndiyo maana kumwambia "acha" hakutoshi.

Tangu 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inautambua uraibu wa michezo hii. Dalili zake ni tatu: mtu hushindwa kujizuia, huutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine, na huendelea hata unapomdhuru. Si kila mtoto anayecheza ni mraibu. Kwa kawaida hali hiyo hudumu miezi 12 au zaidi.

Angalia Musa anapoanzia katika fungu la 6: moyoni mwa mzazi. Mzazi anayejibu ujumbe mezani atamwambiaje mwanawe aweke simu chini? Tena, nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu haikai salama (Mathayo 12:43-45). Ukiondoa mchezo, weka mazungumzo, matembezi, kazi za pamoja na ibada ya familia.

Kati ya nyakati zile nne, ni upi umepotea nyumbani kwako? Utaurudishaje juma hili, simu zote zikiwa kando, yako ikiwa ya kwanza?